Spea za kamera ya mkanda (filamu) hapa Unguja: uagize, uchinje nyengine, au umwendee sonara?

Kifuniko cha betri cha Nikon FM2 hakizidi ukubwa wa sarafu, na sarafu ndiyo inayokifungua. Nilikuwa nimekaa ukutani Forodhani, jua limeshalegea, nabadilisha betri. Sarafu ikateleza, kifuniko kikadunda mara moja juu ya jiwe, kikazama. Vijana wa makachu, wale wanaoruka baharini kwa mbwembwe, wakanionea huruma. Wawili walipiga mbizi mara tatu, wakatoka na kijiko na kizibo cha soda. Nikawashukuru, nikarudi nyumbani na kamera yenye tundu chini.

Kamera ile niliachiwa na ami yangu, aliyepiga picha harusi za Kikwajuni na Malindi mpaka macho yakamshinda. Nikon walianza kuiuza 1982, wakaacha kuitengeneza 2001, kwa hiyo hakuna wakala wa kumgongea mlango. Kilichoniokoa siku zile ni kwamba shata ya FM2, yaani pazia linaloruhusu na kuzuia mwanga, inakwenda kwa springi na gia tupu, na betri zake mbili ndogo zinalisha kipima mwanga tu. Nikaendelea kupiga kwa kukisia kama walivyofanya wazee: jua kali, tundu la lenzi f/16, kasi ya shata iwe karibu na namba ya mkanda (ISO), yaani mkanda wa 200 unaupa sekunde 1/250. Jua letu linasamehe mengi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtafutaji wa spea, kwanza zangu kisha za watu. Tunazo kamera tatu za mkanda katika ukoo: hiyo FM2, Canon AE-1 niliyonunua mwenyewe kwa tamaa, na Canonet QL17 ya shemeji yangu wa Chake Chake. Njia nyingi nitakazozilinganisha hapa nimezipita, na karibu kila moja nimepata na nimeliwa.

Kwanza jua kilichokufa

Mtu akiniuliza spea ya kamera yake itapatikana wapi, namrudishia swali: kilichokufa ni nini? Vinavyoharibika ni vya aina tatu, na kila aina ina soko lake.

Kuna vitu laini, kama sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma, sponji ya kupokea kioo cha ndani kinaporuka unapobonyeza, na ngozi ya nje. Kuna vitu vigumu, kama vifuniko, skrubu, mkono wa kuvutia mkanda na ule wa kurudishia, springi, bapa za shata. Halafu kuna umeme: bodi, sumaku za shata, waya mwembamba kama unywele.

Laini usiagize, tengeneza hapa hapa. Kigumu ndicho cha kuagiza au kuchinjia kamera nyengine. Umeme ukifa, nitakwambia mbele, lakini usianze kwa kutafuta bodi.

Mafundi wa mjini ambao hawajui kuwa ni mafundi wa kamera

Mji huu una historia ndefu ya picha. Capital Art Studio ya barabara ya Kenyatta ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, na hadi leo watu wanaingia kutafuta sura za Zanzibar ya zamani. Lakini fundi wa kamera mwenye kabati la spea mimi sijampata. Nimepata wanne wa kazi nyengine: wa cherehani, wa saa, wa simu, na sonara. Wanne hawa, ukijua kuwaeleza, wanamaliza zaidi ya nusu ya matatizo.

Tuanze na sponji, maana ndilo gonjwa la kila kamera. Baada ya miaka thelathini na zaidi sponji ya mlango wa nyuma haikauki, inayeyuka. Inakuwa kitu cheusi cha kunata, kama halua iliyosahauliwa juani, na ukiigusa unatembea nayo kidoleni siku nzima. Mwanga unapenya, na ukisafisha mkanda unakuta mstari mwekundu au wa chungwa umekata uso wa bibi harusi. Nchi za nje wanauza vipande vilivyokwishakatwa kwa kipimo cha kila kamera. Ni vizuri, sikatai. Lakini ile karatasi ya sponji thamani yake ni ndogo, na nauli yake ndiyo inayokula pesa.

Mimi nilikwenda kwa fundi wa nguo Mchangani nikaomba mabaki ya mahameli nyeusi na uzi mweusi wa sufu. Hakutaka hata kunidai. Uzi unaulaza ndani ya mifereji myembamba ya mwili wa kamera, unaushindilia kwa kijiti cha meno, na mahameli inakaa upande wa bawaba. Uchafu wa zamani utoe kwa spiriti na pamba, kamera ikiwa imeinamishwa ili punje zisiangukie shata. Saa mbili, imekwisha, na miaka miwili sasa sijaona mstari. Palipo na tofauti ni sponji ya juu, ile inayopokea kioo kinaporuka. Hapo mahameli haifai, kwa sababu kazi yake si kuziba mwanga peke yake bali ni kupokea kishindo. Tafuta sponji halisi nyembamba, hata ya kufungia vifaa vya umeme, uikate kwa wembe.

Sonara nilimwendea kwa ajili ya ile Canonet. Kamera hii, na nyingi za wakati wake kama Olympus OM-1, ilitengenezwa itumie betri ya zebaki ya PX625 yenye volti 1.35. Betri za zebaki zimepigwa marufuku nchi nyingi kwa sababu ya sumu yake, hazitengenezwi tena. Dukani utapewa ya alkalaini yenye umbo lile lile. Inaingia vizuri, sindano inacheza, unafurahi. Lakini hiyo ni volti 1.5 ikiwa mpya, na inashuka kadiri unavyoitumia, kwa hiyo kipima mwanga kinasema uongo, tena uongo usiokuwa na kipimo kimoja. Dawa ni betri ya kifaa cha kusaidia kusikia, namba 675. Ina volti 1.4 na inakaa hapo hapo karibu mpaka inakufa.

Tatizo ni umbo. Ya zebaki ina upana wa milimita 16 hivi, ya 675 ina 11.6. Inahitaji pete ya kuishika katikati. Sonara aliichukua ile betri, akaiweka juu ya kiganja, akaniangalia juu ya miwani: "Pete hii ya bibi harusi gani, ya panya?" Akanifanyia ya shaba, safi, imeingia bila kulazimishwa. Baadaye nikagundua kuwa ringi ya mpira inayouzwa na wauza vifaa vya mabomba, ukipata yenye unene wa milimita mbili, inafanya kazi ile ile. Sikumwambia sonara. Chini unaweka kipande cha foili kilichokunjwa kujazia kimo, maana 675 ni fupi kidogo. Na usibandue ile stika yake mpaka siku ya kupiga, kwa sababu ikishapata hewa imeanza kufa, hata kamera ikilala kabatini.

Fundi saa ni wa skrubu ndogo na mafuta. AE-1 nyingi zikizeeka zinakohoa: unabonyeza, kioo kinaruka na sauti kama mlango wa chuma uliopata kutu. Ni gia iliyokauka inayotawala kioo. Tone moja la mafuta ya saa kwa ncha ya sindano linaituliza. Mafuta ya kupulizia kwa mkebe, kwa jina la Mungu, usiyasogeze karibu, yanatambaa mpaka kwenye shata na hapo umeua kamera iliyokuwa na kikohozi tu.

Fundi simu ana darubini na mkono wa kulehemu, anafaa kwa waya ulioliwa na betri iliyovuja. Ila mwangalie bisibisi yake. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya kawaida haikai vizuri, inakula kichwa. Nimenunua ya kwangu mwenyewe, naenda nayo mfukoni kama daktari na kipimo chake.

Kipande kimoja au mzoga mzima?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea kwanza.

Nilipopoteza kifuniko niliingia eBay, soko la mtandaoni, kutafuta kifuniko. Kipo. Uzuri wa ukoo wa FM ni kwamba FM, FE, FM2 na FE2 ni ndugu wa tumbo moja, na vitu kama kifuniko cha betri na mkono wa kurudishia mkanda vinaingiliana. Ukitafuta kwa jina la kamera moja tu utaona vichache, ukitafuta kwa majina yote manne dirisha linajaa. Kwa AE-1 kuna faida nyengine: mlango wake wa betri ni wa plastiki na ndio unaovunjika kila mara, basi watu wanauchapisha kwa mashine za 3D na kuuza kwa bei ndogo. Ukichagua huo, nunua kwa muuzaji aliyeonyesha picha yake ukiwa umeshafungwa kwenye kamera, sio picha ya plastiki juu ya meza.

Lakini nilipopiga hesabu ya kifuniko, nauli, na safari za kufuatilia mzigo, nikaona kipande kimoja kinanigharimu kama kilo kadhaa za pweza. Na nilihitaji pia mkono wa kurudishia, uliokuwa umelegea, na skrubu mbili za chini. Vipande vitatu kwa wauzaji watatu ni nauli tatu. Ndipo nikafikiria mzoga: FM2 iliyokufa, nzima, ya kuchinja.

Soko la mizoga ni Japani. Wauzaji wao wanaandika "janku" kwa kitu kisichokuwa na dhamana, na ni vyema ujue maneno mawili zaidi kabla ya kutafsiriwa vibaya na simu yako: "kabi" ni kuvu, "kumori" ni kioo kilichofanya ukungu. Kwa sisi wa pwani kabi si neno la kudharau. Lenzi yenye kuvu ukiileta kwenye unyevu wetu, ukaiweka kabati moja na lenzi nzima, umeleta mgeni asiyeondoka. Kama unataka mwili tu, mwambie muuzaji lenzi abaki nayo, na nauli itapungua.

Siri ya kuchagua mzoga ni hii: ununue kamera iliyokufa kwa ugonjwa usiokuwa wako. Kamera za aina moja hufa kwa namna moja. AE-1 yako ikiwa imevunjika mlango wa betri, na ukanunua nyengine kwa kuwa ni rahisi, ujue mara nyingi ni rahisi kwa sababu mlango wake pia umevunjika. Tafuta iliyodondoka ikabonyea kichwa, au yenye kioo kichafu, lakini milango na mikono yake ipo. Omba picha ya chini, ya ndani ya chumba cha betri, na ya shata mlango ukiwa wazi. Muuzaji anayekataa kupiga picha tatu ameshakujibu.

Na neno "haijajaribiwa" lisikudanganye. Maana yake ni: nimeijaribu ikakataa. Mzoga wangu wa kwanza uliandikwa hivyo. Ulipofika nikafungua mlango wa nyuma, nikakuta alama ya dole gumba imepita katikati ya bapa za shata, kama mtu aliyebonyeza andazi. Muuzaji hakusema uongo, sema tu hakufungua mdomo. Kwangu haikuwa hasara kubwa kwa sababu shata sikuihitaji. Kifuniko kilikuwepo, mkono wa kurudishia ulikuwepo, skrubu zote, kioo cha kutazamia kilikuwa safi kuliko changu. Mpaka sasa nimetoa vipande sita kwenye maiti ile, na viwili nimempa mtu wa Mwanakwerekwe.

Kama unachohitaji ni shata yenyewe, hesabu inabadilika. FM2 za mwanzo zina bapa za titani zenye alama kama sega la nyuki, za baadaye ni alumini laini. Fungua mlango wa nyuma wa yako uangalie kabla ya kuchagua mzoga. Na kubadilisha shata si kazi ya meza ya jikoni, hata kama umeangalia video ishirini.

Kwa hivyo, kwa maoni yangu: ukihitaji kimoja, na ni cha nje, agiza kipande. Ukihitaji viwili na zaidi, au unakusudia kuitumia kamera miaka kumi, chinja.

Mzigo uje na nani

Hili peke yake linaweza kugeuza uamuzi. Ukiagiza kwa posta unapata namba ya kufuatilia, unapata risiti, na ushuru utalipa kulingana na thamani iliyoandikwa. Wako watakaokushauri umwambie muuzaji aandike "zawadi". Mzigo ukipotea, utadai fidia ya zawadi, na hapo utalia peke yako. Pia mwambie atoe betri zote, usafirishaji wa betri kwa ndege una masharti na mzigo unaweza kukwama kwa kidonge cha betri ulichokuwa hukihitaji.

Mara moja kipande changu kilikwenda mji mwengine kabisa, kwa sababu mtandao wa muuzaji ulidai jina la mtaa na namba ya nyumba, na mimi nikajaza kwa kubuni. Siku hizi naandika S.L.P. na namba ya simu katika mstari wa kwanza kabisa, kabla ya jina.

Njia ya pili ni ya kwetu: mtu. Kila nyumba hapa ina mtu Muscat, Dubai au London. Kipande kinafika kwake, anakiweka ndani ya sanduku baina ya nguo, anakuja nacho. Kwa kifuniko, mkono, springi, hakuna inayoishinda. Ubaya wake ni muda, maana dada yangu wa Muscat huja mara moja kwa mwaka, na ubaya wa pili ni aibu: huwezi kumdai mtu aliyekubebea bure. Mzoga mzima simpi mtu. Ni mzito, na akiulizwa uwanjani kwa nini amebeba kamera mbovu hatakuwa na jibu zuri.

Kuipeleka yenyewe kwa fundi

Wapo mafundi wazuri nje wanaofungua kamera hizi kila siku na wana akiba ya spea. Unalipa fundi, unalipa nauli mbili, unakaa miezi bila kamera, na mara nyingine bili inapita thamani ya kamera. Kwa FM2 ya ami yangu ningelipa. Kwa nyengine yoyote, la. Ukiamua, ondoa lenzi, andika tatizo kwa maneno machache, na piga picha kila upande kabla ya kuifunga.

Kubadilisha mwili, kubaki na lenzi

Narudi kwenye umeme. Shata ya AE-1, tangu ilipotoka 1976, inategemea betri ya volti 6, na bila umeme haibonyezeki. Sumaku au bodi ikifa, spea ni kutoka AE-1 nyengine tu, na ile nayo ina umri ule ule na uchovu ule ule. Kuhamisha bodi ni kazi ya siku nzima kwa fundi hodari, kuhamisha mgonjwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Hapa sishauri spea. Nunua mwili mzima unaofanya kazi.

Na hapo lenzi ndizo zinazoamua. Lenzi za AE-1 ni za FD, mfumo wa zamani wa Canon wa kufungia lenzi kwenye mwili. Canon walipoleta ukoo mpya wa kamera za EOS mwaka 1987 walibadilisha mdomo, yaani pale lenzi inapofungwa, kwa hiyo FD haziingii kwenye EOS. Utabaki katika ukoo wa FD: AE-1 Program, A-1, au FTb, ambayo shata yake haitaki umeme kabisa, ila kipima mwanga chake kinataka ile betri ya zebaki, nawe unakwenda kwa sonara. Mimi ningechagua FTb. Ni nzito kama tofali, lakini fundi saa anaielewa.

Kwa Nikon una nafasi zaidi. Mdomo wao wa F upo tangu 1959, na lenzi za FM2 za aina ya AI, waliyoileta Nikon 1977, zinaingia kwenye miili mingi. Angalizo moja tu: lenzi za kabla ya 1977 zisizogeuzwa kuwa AI usizilazimishe kwenye FM2, zitavunja kidole cha pembeni ya mdomo, na hapo utarudi kwenye habari ya mzoga.

Canonet ya shemeji haina suala hili, lenzi yake haitoki. Kamera hiyo ikifa shata, ni ya kuwekwa kabatini na kuonyeshwa wajukuu. Kwa sasa iko Chake, na pete yake ya shaba ndani, anapigia mashindano ya ng'ombe na analalamika kuwa betri za masikio zinaisha haraka. Nimemwambia aache kuibandua stika kabla ya safari. Hasikii.

Na FM2 ya ami inavaa kifuniko cha maiti ya Japani. Kina mchubuko mdogo pembeni, cha kwanza hakikuwa nao. Betri nabadilisha nyumbani, nimekaa kitini, nimetandika kanga sakafuni.